Kikundi cha hisa: jinsi mwenyekiti anavyowaachia wanachama nguvu

Mwenyekiti akiugua wiki moja na kikao kikashindwa kufanyika, usiwalaumu wanachama. Kikundi hicho kimezoeshwa kusubiri. Wenyeviti wengi wa namna hii ni wachapakazi hasa: wanashika daftari, wanahesabu pesa, wanawapigia simu wadaiwa usiku, kisha wanalalamika kwamba wenzao hawajitumi. Watajitumaje, na kila kitu kimeshafanywa?

Maelezo haya yanahusu kikundi cha watu 15 hadi 30 wanaokutana kila wiki, wananunua hisa, yaani wanaweka akiba, na kukopeshana, kisha wanagawana baada ya mzunguko wa miezi 9 hadi 12.

Anza na funguo

Sanduku liwe na kufuli tatu. Funguo zishikwe na wanachama watatu wasio na cheo, wasio ndugu na wasioishi nyumba moja. Sanduku lenyewe likae kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mwenyekiti asishike ufunguo wala sanduku. Watu huona hizi ni hatua za kuzuia wizi tu, lakini zina kazi nyingine: mama anayekaa nyuma kimya akijua kwamba bila yeye sanduku halifunguki, hachelewi. Akipata udhuru, ampe ufunguo mwanachama mwingine asiyeshika ufunguo.

Salio likae vichwani

Kabla sanduku halijafungwa, wahesabu fedha wawili wahesabu mbele ya wote na kutangaza salio kwa sauti. Nusu ya wanachama wakariri salio la mfuko wa mikopo, nusu nyingine la mfuko wa jamii, yaani ule wa kusaidiana wakati wa shida. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, mwenyekiti amchague mtu yeyote na kumuuliza.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Salio ni shilingi 412,500, mwanachama anasema 421,500, na mwenyekiti anamsahihisha papo hapo. Nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo, wenzake watamsahihisha. Ukimsahihisha wewe, wiki ijayo hakuna atakayejisumbua kukariri, kwa sababu jibu lipo kwako. Na asiyejua kusoma analinda fedha kwa njia hii sawasawa na mwenye diploma.

Kwenye kununua hisa hakuna maneno mengi: mwanachama aitwe kwa namba, anunue hisa 1 hadi 5, agongewe muhuri kwa kila hisa kwenye kitabu chake, na nafasi zilizobaki kwenye mstari zikatwe kwa kalamu palepale ili asije mtu kuongeza mihuri baadaye.

Kwenye mikopo, sema mwisho

Mwombaji asimame, ataje kiasi, shughuli na namna atakavyorejesha. Vikundi vingi huweka ukomo wa mara tatu ya akiba, kwa hiyo mwenye 120,000 hapati zaidi ya 360,000. Kisha mjadala. Mwenyekiti akitangulia kusema "mimi naona huyu tumpe", mjadala umekufa. Nani atampinga mkubwa mbele za watu? Uliza wengine kwanza, hasa wasiozoea kusema. Maombi yakizidi fedha zilizopo, waambie waombaji wenyewe wapunguziane. Zoezi hilo huchukua dakika kumi hivi, na mara nyingi huisha vizuri kuliko uamuzi wa kamati.

Ukiomba mkopo wewe, ondoka kwenye kiti, mwingine aongoze. Faini nayo ianzie kwako: umechelewa, weka hiyo 500 bila kujieleza.

Gawa kikao vipande

Kuanzia mwezi wa tatu wa mzunguko, mpe mwanachama mmoja ajenda moja aiongoze, kwa mfano marejesho. Mwambie wiki mbili kabla, kaeni nusu saa mpitie hatua zake, na siku yenyewe wewe kaa katikati ya wanachama, si pembeni yake. Akikosea usimkatize, isipokuwa pesa inakwenda pabaya. Baada ya kikao mtajie jambo moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha. Jambo moja tu. Orodha ya makosa saba inamrudisha nyuma. Sifa nayo iwe na kitu ndani. "Hongera sana" haimfundishi mtu. "Ulimuuliza mdaiwa tarehe bila kumfokea" inamfundisha.

Usianze na mzungumzaji hodari. Huyo hahitaji kusukumwa, na wengine watasema kazi hiyo ni ya wasomi.

Uchaguzi

Kila mzunguko mpya uanze na uchaguzi wa siri. Kila mgombea awekewe mfuko wa rangi yake nyuma ya pazia, na kila mpiga kura apewe kijiwe kimoja. Katiba ya kikundi iweke ukomo wa uongozi. Mizunguko miwili inatosha. Kwa Tanzania, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa hiyo cheti, katiba na orodha ya wanachama vikabidhiwe mbele ya kikao chote. Mwenyekiti anayeondoka ahudhurie kama mwanachama wa kawaida, na maswali anayoulizwa kwa mazoea ayaelekeze kwa aliyechaguliwa.