Kuanzisha Mafunzo ya Uanagenzi Katika Kampuni Kubwa: Anza na Fundi

Kampuni nyingi kubwa za Mombasa, kuanzia zinazohudumia meli Kilindini hadi viwanda vya Changamwe na Shimanzi, zinapotaka kuanzisha mafunzo ya uanagenzi, yaani kijana kujifunza ufundi kazini chini ya fundi, hutanguliza tangazo la kuwaita vijana. Vijana huja kwa wingi, husailiwa, hupewa ovaroli na buti, na hapo ndipo inapobainika kwamba hakuna aliyemwambia fundi kuwa kuanzia Jumatatu atakuwa mwalimu. Nilifanya kazi katika kampuni moja iliyofuata njia hiyo. Kufikia mwezi wa tatu, wanagenzi wetu walikuwa wakifagia karakana, wakiagizwa chai na mahamri, na kuingoja saa kumi ya jioni. Vijana hawakuwa wavivu, wala mafundi hawakuwa na roho mbaya. Mpango wenyewe ndio uliowekwa kichwa chini, miguu juu. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unaanzia karakanani.

Kabla ya kuandika lolote, mwenye dhamana ya mafunzo apite kila karakana pamoja na msimamizi wake, aulize ni mafundi gani watakaostaafu katika miaka mitano ijayo, ni kazi zipi ambazo kampuni hulazimika kumwita mtu wa nje kuzifanya, na ni nani ambaye wenzake humkimbilia mashine inapokwama. Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa maana jina linalotajwa mara nyingi huwa si la mwenye cheo. Idadi ya wanagenzi ipangwe kulingana na idadi ya mafundi wanaoweza kufundisha, si kulingana na fedha zilizotengwa. Kwa maoni yangu, fundi mmoja asipewe zaidi ya wanagenzi wawili. Wakizidi hapo, mmoja wao atakuwa mtazamaji.

Si kila fundi hodari anaweza kufundisha. Nilimwona fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akimfundisha binti kuunga mabamba mawili, na mwanzoni hakumtajia kabisa habari za nguvu ya umeme. Alimwambia, "Mwanangu, usitazame tu, sikiza." Rodi ya kuchomelea ikikaa karibu na chuma kwa kadiri inayofaa, hutoa mvumo wa mfululizo kama bajia zilizotiwa katika mafuta ya moto, ikiinuliwa mno, sauti hukatika-katika na cheche hutapakaa, ikisogezwa mno, hunata. Binti yule aliharibu rodi nyingi asubuhi ile, na kila mara fundi alimwuliza amesikia nini kabla ya kumwonyesha alipokosea. Mtu anayeuliza kwanza ndipo akasahihisha ndiye wa kuteuliwa, hata kama yuko mwenye mkono mwepesi kuliko yeye.

Fundi akishateuliwa, apunguziwe kazi za kawaida, kwani hawezi kudaiwa kiasi kile kile cha kazi huku akifundisha. Apewe posho inayoonekana katika hati yake ya mshahara, na siku kadhaa za kujifunza namna ya kuigawa kazi katika hatua ndogo ndogo. Liko pia jambo ambalo wakubwa hawapendi kulizungumza: fundi mwenye miaka 50 huogopa kwamba kijana anayemfundisha leo ataajiriwa kwa mshahara mdogo kesho, naye aondolewe. Hofu hii ndiyo humfanya afiche ujuzi, akampa kijana spana na kumnyima sababu. Dawa yake ni ahadi ya maandishi, iliyojadiliwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwamba hakuna fundi atakayepoteza kazi kwa ajili ya mwanagenzi.

Upande wa sheria hauna utata mkubwa, ila haustahili kupuuzwa. Uanagenzi nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo ina kituo chake hapa Mombasa. Mkataba wa uanagenzi hauwi makubaliano ya mdomo, nao husajiliwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mwajiriwa, na kwa hiyo hafai kuchanganywa na mwanafunzi aliyekuja kwa miezi mitatu ya mafunzo ya nyanjani. Akiumia kazini, ana haki ya fidia. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo unaohesabiwa kwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni yenye watu 1,200 hutoa shilingi 720,000 kwa mwaka, na inaweza kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Inasikitisha kwamba wako wanaolipa ushuru huo bila kuwahi kuomba chochote.

Katika kuwachagua vijana, alama za mtihani wa kidato cha nne zisiwe mlango wa pekee. Wapeni chuma wakipige tupa, au pampu kuukuu waifungue na kuifunga, mtazame nani anapanga skrubu zake kwa utaratibu anaoweza kuurudia. Wako waliojifunza katika magereji ya jua kali ambao mikono yao imetangulia vyeti vyao. Posho ihesabiwe kwa nauli halisi: anayetoka Likoni huvuka kwa feri bila malipo akiwa kwa miguu, lakini matatu za kumfikisha Changamwe si za bure, na kijana anayekosa nauli wiki ya mwisho wa mwezi huandikwa mtoro.

Masomo ya darasani, yatakayotolewa na chuo mtakachokubaliana nacho, yafuatane na kazi ya karakanani; anayejifunza michoro ya umeme mwezi huu aguse paneli ya umeme mwezi huu huu, chini ya uangalizi. Kila mwanagenzi awe na daftari la kazi. Daftari lililojaa maneno "nilimsaidia fundi" halina faida. Linalofaa husema: "Nilibadilisha beringi mbili za pampu ya maji. Ya pili niliiweka ikiwa imepinda kidogo, fundi akanirudisha nikaitoa." Msimamizi alisome na kulitia sahihi kila Ijumaa, na maandishi hayo ndiyo yawe msingi wa kumtayarisha kijana kwa majaribio ya ufundi ya NITA, kuanzia Gredi ya 3, ambayo ndiyo ya chini.

Tangu siku ya kwanza vijana waambiwe kampuni ina nafasi ngapi za kudumu mwishoni. Zikiwa sita kwa wanagenzi kumi na wawili, isemwe hivyo waziwazi.

Kundi la pili lisianze kabla la kwanza halijatimiza mwaka. Wiki yake ya kwanza iongozwe na waliotangulia, kila mmoja akimwonyesha mgeni wake mahali vifaa vinapowekwa, namna daftari linavyojazwa, na ni fundi yupi apendaye kuulizwa maswali mapema asubuhi, kabla joto la karakana halijapanda.