Dirisha la Duara Hufunguliwa Mwisho

Wadogo zangu mnaoanza kazi thieta ya masikio, kila mara mnaniuliza kwa nini nakataa kufungua boksi la kipandikizi cha koklea, kile kifaa cha kusikia kinachowekwa ndani ya sikio, hata daktari akiliomba mara mbili. Nijibu hapa, maana pale korido hatumalizi maneno. Mimi si mpasuaji. Ni muuguzi, nasimama mezani natoa vyombo. Lakini upole wa upasuaji huu nusu yake iko mezani kwangu, na siku moja itakuwa kwenu.

Tuanze na kitu chenyewe. Koklea ni konokono wa mfupa, ukubwa kama punje ya njegere, mizunguko miwili na nusu. Ndani ina ghorofa tatu zenye majimaji. Elektrodi, ule waya mwembamba wa kifaa unaopeleka umeme ndani ya koklea, inatakiwa ipite ghorofa ya chini, skala timpani, hadi inapofika, bila kutoboa dari. Kwenye dari hiyo ndiko zilipo seli za usikivu. Ikitoboka, majimaji ya ghorofa moja yanaingia ya mwenzake, na kile kidogo alichokuwa anasikia mgonjwa kinapotea. Wagonjwa wetu wengi hawana uziwi kamili. Sauti nyembamba, zinazopokelewa karibu na mlango, zimekwenda, ila nzito, kule ndani kabisa kwenye ncha, bado zipo kidogo.

Zamani watu hawakujali sana. Sikio likiwekewa kifaa, yaliyobaki yalihesabiwa kuwa yameshakufa. Profesa Ernst Lehnhardt wa Hannover, Ujerumani, ndiye aliyeandika mwaka 1993 namna ya kufanya upasuaji laini, na mwaka 1999 Christoph von Ilberg na wenzake wa Frankfurt wakaonyesha kwamba sikio moja linaweza kupokea sauti nzito kwa njia ya kawaida na nyembamba kwa umeme wa kifaa. Kwa mtoto kuna jambo la ziada. Huyu ataishi na kifaa maisha yake yote, na kuna siku kitabadilishwa. Koklea iliyojaa kovu na mfupa mpya haipokei elektrodi ya pili kirahisi. Huduma hii ilipoanza Muhimbili mwaka 2017, badala ya kila mtoto kusafirishwa India, ndipo wengi wetu tulipoyajua haya kwa macho.

Sasa kazi. Mgonjwa akishalala, mkumbushe daktari wa usingizi antibayotiki na deksamethasoni. Deksamethasoni inatuliza uvimbe ndani ya sikio, na inataka muda wa kufika. Ukiikumbuka wakati elektrodi iko mkononi, umeshachelewa.

Kazi zote za vumbi zitangulie: kuchimba mastoidi, mfupa wa nyuma ya sikio, kuchonga kitanda cha kifaa juu ya fuvu, kufungua kile kijia chembamba kando ya neva ya uso. Mwishoni linabaki dirisha la duara, mlango wa koklea uliozibwa na utando, nalo limefichwa na ukingo wa mfupa kama baraza lililoshuka mno. Ukingo unapunguzwa kwa kichwa cha almasi cha milimita 1, drili ikiwa taratibu, maji yanatiririka. Isiguse utando. Drili ikiugusa mfupa wa koklea yenyewe, ndani kunapigwa kelele ya zaidi ya desibeli 100, kigodoro kizima ndani ya punje ya njegere.

Drili ikinyamaza, ndipo nasema kwa sauti: "Dokta, tunasafisha." Madaktari wapya hudhani nawachelewesha. Nasafisha kidonda kwa maji mengi, maana vumbi la mfupa likiingia koklea linaota mfupa, na damu ikiingia inaleta kovu. Panapovuja panatulizwa kwa vipamba vidogo vyenye adrenalini, na navihesabu kabla na baada. Tunabadilisha glavu wote, zisizo na unga, kisha tunazisuuza hata hivyo. Monopola, chombo cha umeme cha kuzuia damu ambacho umeme wake hupita mwilini, inazimwa na waya wake unatoka mezani. Kuanzia hapo ni baipola tu, ambayo umeme wake unaishia kati ya ncha zake mbili, kwa sababu ule umeme mwingine ukipita kwenye kifaa unaweza kukiharibu na kuumiza koklea.

Halafu saksheni, mrija wa kunyonya. Mwaka wangu wa kwanza daktari alinyoosha mkono, macho yapo kwenye hadubini, akasema "saksheni", nami nikampa ile nene iliyokuwa mkononi mwangu tangu tunachimba mfupa. Ilikuwa imefika mbele ya dirisha alipohisi uzito wake. Akanirudishia bila neno. Utando ulikuwa bado haujafunguliwa, nashukuru Mungu. Ungekuwa wazi, ingenyonya majimaji ya koklea kwa mkupuo mmoja. Tangu siku ile, saksheni nene huondoka mezani kabisa, inabaki nyembamba ya geji 24. Na hiyo nayo hainyonyi juu ya tundu, inakaa pembeni.

Sasa ndiyo boksi linafunguliwa. Elektrodi haishikwi kwa vidole, hailazwi juu ya kitambaa kinachotoa nyuzi. Daktari anatia tone la jeli ya asidi ya hayaluroni juu ya utando, anauchana kwa kisindano chini ya jeli hiyo, tundu linaloitosha elektrodi tu. Jeli inazuia majimaji yasitoke na damu isiingie, tena inalainisha njia.

Elektrodi ikianza kuingia, kazi yangu ni saa ya ukutani. Nahesabu sekunde: kumi na tano, thelathini, arobaini na tano. Chini ya dakika moja ni haraka, na wapo wanaokwenda dakika mbili na zaidi. Elektrodi ikisukumwa kwa kasi inaongeza shinikizo la majimaji hata kama haijagusa kitu. Aliyewahi kupitisha utambi mpya kwenye jiko la mafuta anajua: ukikunjika hausukumi, unarudi nyuma kidogo unageuza pembe. Hapa hivyo hivyo. Ikikaza, simama. Elektrodi iliyobaki nje kidogo ni afadhali kuliko iliyolazimishwa ikapanda ghorofa ya juu. Penye mashine ya elektrokokleografia, sikio linapigiwa mlio huku elektrodi inaingia, na jibu la koklea linaonekana kwenye skrini. Jibu likishuka ghafla, mkono unasimama.

Ikishaingia, kipande kidogo cha utando wa msuli kinazungushiwa tundu, kwa kuwekwa, siyo kushindiliwa. Waya uliobaki unakunjwa ndani ya mastoidi ukae kwa raha. Ukiwa kama springi utairudisha elektrodi nje usiku huohuo.

Nawe ukimaliza kuhesabu pamba na kutoa shuka, usitupe vile visindano vya sikio kwenye beseni moja na patasi. Vioshe peke yake, kimoja kimoja, uangalie ncha kwenye mwanga. Iliyopinda iandikie na uitoe kwenye seti siku hiyohiyo, isije ikapewa mtu keshokutwa mbele ya dirisha.