Jinsi ya kufuatilia fedha za CSR za mgodi kijijini kwenu

Kabla hamjaandika barua yoyote, tenganisheni kwanza malipo ya mgodi yanayochanganywa kwa makusudi au kwa kutojua. Mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, huenda Serikali Kuu, na ushuru wa huduma hulipwa halmashauri kutokana na mauzo ya kampuni. Yote mawili ni deni la kisheria, hata kama hundi yake imekabidhiwa kwa ngoma na kamera. Fedha za CSR, yaani uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, ni fungu la tatu, nazo pia si sadaka: marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini ya Tanzania yaliingiza kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri husika kwa kushauriana na mawaziri wenye dhamana ya serikali za mitaa na fedha.

Kifungu hicho kinasema mpango uzingatie vipaumbele vya halmashauri kwa jamii inayozunguka mgodi, na hapo ndipo vijiji vingi hupoteza nafasi, kwa sababu husubiri kuulizwa. Tumieni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kupitisha mahitaji machache yaliyopangwa kwa uzito, kisha mhakikishe yameandikwa kwenye muhtasari. Mtendaji wa kijiji aupeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani autetee katika baraza kabla mpango haujasainiwa. Ukishasainiwa, mtabaki mkilalamikia zahanati iliyojengwa kijiji cha pili.

Mpango ukipita, ombeni nakala. Mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa siku 30 za kujibu, na msiondoke masjala bila nakala yenu kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkiipata, msiishie kwenye jumla ya fedha, maana jumla ndiyo hufurahisha zaidi na kueleza kidogo zaidi. Someni mchanganuo: idadi ya mifuko ya saruji, mabati, madawati, na bei ya kila kimoja. Mtu mmoja apite dukani mjini aulize bei za siku hiyo, kwa kuwa mradi wa milioni mia unaweza kuwa na vifaa vya milioni sitini bila shilingi moja kuonekana imepotea kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, kazi hii apewe fundi wa kijijini badala ya kiongozi, kwani fundi anajua darasa moja hula mifuko mingapi.

Halmashauri ndiyo iliyopewa jukumu la kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo, kwa hiyo tofauti yoyote mtakayoibaini ipelekeni kwake kwa maandishi, pamoja na picha za jengo zenye tarehe.