Jinsi ya kukabidhi miswada ya malenga kwenye hifadhi ya maktaba: kwa warithi wa Lamu

Anayeachiwa sanduku la karatasi za malenga kwa kawaida hukimbilia maktaba. Mimi namwomba aanze na warithi wenzake. Tulipokabidhi madaftari ya marehemu ami yetu, barua ya maombi haikutusumbua. Kilichotukwamisha ni saini, kwa sababu afisa aliyetupokea hakulitaja sharti la ridhaa ya warithi wote mpaka faili lilipofika kwa mkuu wake, na mmoja wetu anaishi ng'ambo. Basi tangulieni Mahakama ya Kadhi mthibitishiwe warithi ni nani, kisha kila mmoja aridhie kwa maandishi mbele ya wakili.

Hati ya makabidhiano isomeni neno kwa neno. Ikisema hiba, karatasi zimetoka mikononi mwenu moja kwa moja. Ikisema amana, zinabaki zenu, na ni lazima iandikwe zitakaa huko hadi lini na nani atagharimia matunzo. Hakimiliki ni jambo la pekee: kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya kumalizika mwaka aliokufa mtunzi, na kutoa karatasi si kutoa haki ya kuzichapisha wala kuziweka kwenye intaneti. Daini kifungu chake mbali, pamoja na nakala za picha kwa familia.

Kuhusu karatasi zenyewe, msizipange upya wala msitupe rasimu kwa kuwa shairi safi lipo. Ubeti uliokatwakatwa ndio unaoonyesha jinsi malenga alivyohangaika na vina na mizani, na hilo nakala safi haiwezi kulieleza. Msitumie gundi wala pini.

Kama ameandika kwa khati za Kiarabu, mtafuteni sasa mzee aliyezoea mwandiko wake azisome huku mkimrekodi. Katika maandishi ya zamani herufi moja ya ba iliweza kusimama mahali pa b, p au mb, na msomaji asiyeijua lafudhi ya Kiamu, lahaja ya Lamu, atakisia. Rekodi hiyo iingie katika orodha pamoja na madaftari.

Sanduku lisitoke nyumbani kabla hamjapewa stakabadhi inayotaja kila daftari na idadi ya kurasa zake, yenye saini na muhuri.