Mkopo wa Bodi: andaa karatasi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa

Nina steshenari hapa Masasi, jirani na stendi. Kila mwaka, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, kazi yangu kubwa ni kuwasaidia vijana kuomba mkopo wa elimu ya juu kutoka Bodi ya Mikopo (HESLB). Wanakuja kutoka Lulindi, Chiwata, Nanganga, wengine wanapanda gari kutoka Nanyumbu na Nachingwea. Mzazi akiketi tu anaanza kunieleza hali ya nyumbani: mikorosho imezeeka, watoto sita, nyumba ya makuti. Namsikiliza mpaka amalize, maana anachosema ni kweli. Lakini wanaopanga mikopo hawatafika Chiwata kuyaona hayo makuti. Watasoma karatasi zilizopakiwa kwenye mfumo. Mtoto wa maskini asiye na karatasi, kwenye kompyuta anafanana kabisa na mtoto wa mwenye maduka.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni karatasi. Ila nianze na kanuni zilizobadilika, kwa sababu wapo wazazi wanaomzuia mtoto asiombe kwa kuogopa mambo yaliyokwishafutwa.

Yaliyobadilika

Ile tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka, ilifutwa kuanzia Julai 2021. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kurejesha nayo iliondolewa. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja. Tupige hesabu kidogo. Mtoto amekopa shilingi 10,000,000. Zamani mwaka mmoja tu wa tozo ungemwongezea 600,000. Leo anaongezewa 100,000, basi, deni lake ni 10,100,000. Akiajiriwa kwa mshahara wa 800,000 atakatwa asilimia 15, yaani 120,000 kwa mwezi, na atamaliza kwa miaka saba na mwezi au miwili. Aliyejiajiri anarejesha asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au isipungue 100,000 kwa mwezi. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza chuo. Wengi wanasahau kwamba hata anayeacha masomo katikati anadaiwa alichokwishachukua.

Fedha ya chakula na malazi imepanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ndiyo maana boom, yaani fedha ya kujikimu, la siku 60, ambalo kaka zenu walikuwa wanapokea 510,000, sasa ni 600,000.

Halafu kuna stashahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa diploma, ila kwa fani za kipaumbele tu, kama afya, ualimu, uhandisi na nishati, madini, kilimo na mifugo, usafirishaji. Kwa ukanda wetu hili ni jambo kubwa, maana vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanapita njia ya diploma kwanza. Usidhani kwa kuwa ni diploma basi inakopesheka. Soma orodha ya kozi kwenye mwongozo wa mwaka husika ulioko kwenye tovuti ya Bodi, tafuta kozi yako kwa jina lake.

Na kama kijana wako amefaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, ipo Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza 2022/23. Ile hairejeshwi.

Hatua ya 1: Linganisha majina

Toa cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, viweke mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Huku kwetu tatizo linaanzia kwenye matamshi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha shule Mohamed. Kimoja Zuhura, kingine Zuhra. Wengine jina la tatu ni la babu, wengine ni la mjomba aliyemlea na kumpeleka shule. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde hilo wala si ajabu, mjomba ndiye mwenye mji. Mfumo haujui mila zetu. Ukikuta tofauti, nenda kwa mwanasheria mapema, akueleze kama kiapo kinatosha au itabidi hati ya kubadili jina. Fanya hivyo mwezi wa nne au wa tano. Agosti wanasheria wana foleni kama mnada wa korosho.

Hatua ya 2: RITA, na hapa usikimbie

Cheti cha kuzaliwa peke yake hakitoshi, lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Uhakiki unafanyika mtandaoni: unafungua akaunti eRITA, unapakia nakala iliyoskaniwa, unalipa kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali), kisha unasubiri majibu. Majibu yenyewe ndiyo yatakayoingizwa kwenye ombi la mkopo. Dirisha likishafunguliwa nchi nzima inaomba uhakiki wiki moja, kwa hiyo anayehakiki mwezi wa tano anapata nafuu kubwa. Ambaye hana cheti kabisa aanzie ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndiko huduma za RITA ziliko wilayani.

Sasa cheti cha kifo. Hiki ndicho kinachowaangusha watoto wetu kuliko kingine chochote.

Binti mmoja alikuja kwangu na mama yake siku tatu kabla dirisha halijafungwa. Alikuwa amefaulu vizuri. Nikamuuliza, "Baba yupo?" Mama akajibu kwa niaba yake: "Baba yake alishatangulia, mwanangu. Huyu alikuwa darasa la tatu." Nikaomba cheti cha kifo. Mama akafungua mfuko wa rambo, akatoa kadi ya kliniki ya marehemu, risiti ya hospitali iliyofifia mpaka haisomeki, na picha ya msiba. Cheti hakikuwepo. Marehemu alizikwa kijijini, kijiji kizima kilikuwepo makaburini, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kwenda wilayani kuandikisha. Tukaomba hivyohivyo, bila kuthibitisha uyatima. Mgawo ulipotoka, jina lake halikuwemo.

Kama mzazi mmoja au wote wamefariki, anza na barua ya mtendaji wa kijiji, chukua na karatasi yoyote ya hospitali iliyobaki, nenda wilayani ukaandikishe kifo hata kama ni cha miaka kumi iliyopita. Ukipata cheti, nacho kihakikiwe RITA.

Karatasi nyingine zinazobeba hoja yako: namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yenu imo, fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa kama mwombaji au mzazi ana ulemavu, na barua ya mfadhili kama ulisomeshwa sekondari na mtu au taasisi.

Hatua ya 3: Mdhamini

Mdhamini anaweza kuwa mama, baba, mjomba, au mlezi mwingine. Anahitaji picha ya pasipoti na kitambulisho: cha taifa (NIDA), kadi ya mpiga kura, leseni au pasipoti. Mzazi, usisaini kama unavyosaini daftari la mahudhurio ya AMCOS, chama chetu cha ushirika. Unaahidi kwa maandishi kwamba unamfahamu huyu mkopaji, na kesho deni lisiporejeshwa unaweza kutafutwa wewe. Mwanafunzi naye atafute namba ya NIDA mapema, maana hata akaunti ya benki itaidai.

Hatua ya 4: Kujaza ombi

Ombi linajazwa kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa mtandaoni, na ada yake ni 30,000 kwa kontro namba. Kwa wakulima wa huku miezi hii mfuko ni mkavu, ndiyo kwanza watu wako shambani wanapulizia mikorosho. Nawashauri wazazi waitenge hiyo 30,000, na ya RITA, pale malipo ya korosho yanapoingia, mtoto akiwa bado kidato cha sita.

Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Kama ulirudia mtihani, taja namba zote.

Na tafadhali, mwanafunzi, kaa pembeni ya anayekujazia. Barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, nywila andika kwenye daftari lako. Nimewahi kupokea kijana aliyejaziwa mahali pengine kwa namba ya simu ya mwenye duka. Ujumbe wa Bodi wa kumtaka arekebishe fomu ulikwenda kwenye simu hiyo, na yeye hakuuona.

Hatua ya 5: Sahihi na kuskani

Chapisha fomu. Inasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji yenye muhuri, na hakimu au wakili. Zamani tulifunga bahasha tukatuma kwa EMS hadi Dar. Siku hizi kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa. Skani kwa mashine. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono juu ya muhuri ni sababu tosha ya fomu kurudishwa. Kabla ya kubonyeza kutuma, fungua kila faili uliyopakia uisome mwenyewe. Nimeshaona cheti cha kuzaliwa kimekaa mahali pa kitambulisho cha mdhamini.

Hatua ya 6: Baada ya kutuma

Ingia kwenye akaunti yako kila siku mbili tatu. Ukiambiwa rekebisha, rekebisha siku hiyohiyo. Mgawo hutoka kwa awamu, na utauona kwenye akaunti yako inayoitwa SIPA. Soma vipengele kimoja kimoja: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, ada. Wengi hupata sehemu tu ya ada, na kilichobaki ni cha mzazi. Vyuo hufunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati minada ya korosho ndiyo inaanza na malipo hayajafika kwenye akaunti. Zungumza na chuo mapema kuhusu kulipa kwa awamu.

Ukifika chuoni, fedha haitoki mpaka uthibitishe kwa alama ya kidole. Usikose siku ya kusaini.

Na kama jina halipo, subiri dirisha la rufaa. Ni la siku chache, na linafunguka kwenye akaunti ileile. Rufaa ya maneno matupu haisaidii, peleka karatasi ambayo mwanzo hukuwa nayo. Yule binti, mama yake alikwenda kijijini, akapata barua ya mtendaji, akarudi wilayani mara tatu. Cheti cha kifo kikatoka, kikahakikiwa, tukakipakia jioni moja umeme ukiwa unakatika na kurudi. Wiki kadhaa baadaye alinipigia akiwa tayari chuoni, akanisomea kiwango chake kipengele kwa kipengele, na mama yake pembeni akiuliza, "Na chakula je?"