Jinsi ya Kufundisha Mchezo wa 14 wa Gukesh Katika Klabu ya Chesi ya Shule

Gukesh Dommaraju, mzaliwa wa Mei 29, 2006 huko Chennai, India, alitwaa ubingwa wa dunia wa chesi Desemba 12, 2024 mjini Singapore alipomshinda Ding Liren wa China kwa pointi 7.5 dhidi ya 6.5, na mchezo wa 14, wa mwisho, ndio uliomaliza mechi hiyo. Alikuwa na miaka 18. Bingwa wa zamani Garry Kasparov alipolitwaa taji hilo mwaka 1985 alikuwa na 22.

Mwanafunzi anayempenda bingwa huyu hukimbilia kukariri hatua zake za kwanza. Huko atapoteza muda. Nguvu ya Gukesh ni kupiga hesabu ndefu kichwani na kukataa sare rahisi, na mafunzo yake yanazifaa shule zetu sana: kocha wake wa awali, Vishnu Prasanna, alimweka mbali na programu za kompyuta za kuchambua chesi hadi alipokuwa na kiwango cha takriban alama 2500, ngazi ya bingwa mkuu (grandmaster). Kwa hiyo klabu ya Kondele au Ahero (Kisumu, Kenya) isiyo na kompyuta hata moja haijachelewa kwa lolote.

Tenga dakika 90 baada ya masomo. Unahitaji ubao mmoja kwa kila wanafunzi watatu, daftari, na simu moja yenye Lichess (programu ya bure ya chesi) ambayo itabaki mfukoni mwa mwalimu. Nakili hatua zote 58 kwa mkono usiku uliotangulia, maana stima au bando likikatika katikati ya somo watoto hawatakusubiri.

Hatua 31 za mwanzo zipitie kwa dakika 15 tu. Somo lenyewe linaanzia hatua ya 32, wakati kila upande umebaki na mfalme, ngome na askofu, Gukesh, mwenye kete nyeusi (mweusi), ana askari watatu na Ding, mwenye kete nyeupe (mweupe), wawili. Wachezaji wengi wangekubaliana sare hapo, kwani mweupe akijilinda vizuri hashindwi. Gukesh aliendelea kumsumbua kwa hatua 26 zaidi.

Sasa panga hali iliyokuwapo kabla ya hatua ya 55 (katika majina ya vyumba vya ubao, herufi ni safu ya wima na namba ni mstari wa mlalo). Weupe: mfalme g1, ngome f4, askofu a8, askari g3. Weusi: mfalme e5, ngome b2, askofu e6, askari f5 na g4. Ni zamu ya mweupe. Kila mwanafunzi aandike hatua tatu anazozifikiria na jibu la mweusi kwa kila moja, kwa dakika 10, bila kugusa kete. Sharti hili lishike kwa ukali: mkono ukianza kusogeza kete, kichwa huacha kuhesabu. Wanaopayuka jibu wapewe kazi ya kuandika ubaoni, la sivyo wenye haya hawatafikiri kabisa.

Ding alipeleka ngome f2. Waulize kwa nini ni kosa kabla ya kuwaonyesha. Ngome zikishabadilishana na mfalme mweupe akiwa f2, askofu mweusi anaingia d5 na kumkabili askofu wa a8, ambaye yuko pembeni na hana pa kukimbilia. Maaskofu nao wanabadilishana, mfalme mweusi anakula d5, na wanabaki askari wawili dhidi ya mmoja. Mfalme mweupe akaenda e3, mweusi akarudi e5, Ding akasalimu amri.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo faida kubwa iko. Wacheze wawili wawili kutoka nafasi hiyo ya mwisho, zamu ikiwa ya mweupe, kisha wabadilishane rangi. Ushindi upo, lakini haujileti. Mweupe akienda f2, mwenye pupa atasukuma askari hadi f4. Mweupe atamla, mfalme mweusi atakula f4, mfalme mweupe atasimama g2, na mchezo ni sare. Njia sahihi ni mfalme mweusi kwenda d4 ili mweupe akija e2 akutane naye e4, uso kwa uso, zamu ikiwa ya mweupe tena. Akipisha upande wowote, mweusi anapenya na kumla askari wa g3. Ila mweupe akienda d3 badala ya f2, hapo f4 ndiyo hatua ya kushinda: mweupe anakula, mweusi anakula, na mfalme mweusi anawahi g3. Askari yuleyule, hatua ileile, matokeo tofauti; warudie hadi waweze kueleza sababu kwa maneno yao.

Simu itoke mfukoni mwishoni kabisa, ikague yaliyoandikwa daftarini. Ikitoka mapema, wataisoma tarakimu ya programu inayoonyesha nani anaongoza na kuacha kuuliza.

Mazoezi ya wiki inayofuata yawe ya dakika 15 kwa kila mchezaji, na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua. Katika michezo ya haraka ya dakika tatu hakuna anayefika mwisho huu akiwa na muda wa kuhesabu. Piga marufuku sare kabla ya hatua ya 40.