Mzazi amefariki Marekani na nyumba yake ina rivasi mogeji

Mdogo wangu alitaka tuchange tulipe deni la mama ili jina lake lisichafuke. Nilimkatalia. Nyumba ya mama pale Houston ilikuwa na rivasi mogeji (reverse mortgage), yaani mkopo anaopewa mzee kwa dhamana ya nyumba yake, unaodaiwa akifa au akihama. Ulikuwa wa aina ya HECM, ile inayodhaminiwa na FHA, idara ya mikopo ya nyumba ya serikali ya Marekani, na mdai wa mkopo huo anadai nyumba tu. Deni likizidi bei ya nyumba, mshahara wako hauguswi. Pengo linabebwa na bima ambayo mama mwenyewe alikuwa akikatwa. Kama mkopo wenu si HECM, someni mkataba kwanza.

Msingoje hadi mrudi kutoka mazikoni. Sisi tulimsafirisha mama hadi Moshi, na barua haijui matanga. Kampuni inayosimamia mkopo (tazameni jina kwenye taarifa ya mwisho, huenda siyo iliyokopesha) itaandika kwamba deni lote limeiva. Mna siku 30 za kusema mnachotaka: kulipa mbaki na nyumba, kuuza, au kuikabidhi. Kujibu si kulipa. Kuuza au kulipa mna kama miezi 6 tangu kifo, na mnaweza kuomba nyongeza ya siku 90, mara mbili. Ombeni kwa maandishi kabla muda haujaisha, mkiambatanisha mkataba wa dalali au karatasi za mahakama zinazoonyesha mirathi inaendelea. Mimi kila nikipiga simu nilipata mhudumu mwingine na jibu jingine, nikaanza kuandika jina na tarehe.

Halafu hesabu. Dai kiasi kamili cha deni kwa maandishi, na nyumba ithaminiwe. Tuseme thamani ni dola 300,000. Deni likiwa 180,000, uzeni, lipeni, kinachobaki baada ya gharama ni chenu. Likiwa 340,000, mrithi anayeitaka nyumba analipa asilimia 95 ya thamani, yaani 285,000, na deni limekwisha. Hapa ndipo watu wanapoachia nyumba bure, wakidhani lazima watafute zote 340,000.

Riba haisimami kwa sababu kuna msiba. Kodi ya nyumba na bima pia ziendelee kulipwa, na kampuni ya bima iambiwe kama hakuna anayelala humo, maana nyumba tupu ina masharti yake. Mzazi wa pili akiwa hai na hakusaini mkopo, semeni hilo mapema sana: huenda ana haki ya kubaki.

Kuna washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani. Nendeni kwao kabla ya wale wanaogonga mlango wakisema wananunua kwa fedha taslimu. Na mkiamua kukabidhi hati, anzeni kugawana vyombo na kutoa samani sasa, kwa sababu nyumba inapokelewa ikiwa tupu.